Mwaka wa Samaki wa Koroboi

Wewe unayenisikiliza, kaa vizuri. Sina haraka, na wewe usiwe nayo. Ninataka kukueleza habari ya harufu, na harufu ni kitu kigumu kukieleza kwa maneno, kwa hiyo ukifika mahali usinielewe, jua kosa ni langu. Mwezi uliopita tulimzika Shomari, rafiki yangu wa ujanani, katika bonde lililo chini ya barabara iendayo Matombo, mwendo wa miguu kutoka Mkuyuni. Mto unaopita pale sitautaja jina. Jina lake liliumizwa vya kutosha, na bado kuna watu wanaoishi kando yake. Msibani tulipikiwa wali na maharage. Chakula kilikuwa kizuri na hakuna aliyelalamika. Ila nilipokuwa nimekaa mkekani na wanawake wenzangu, nilijikuta nikichungulia kila sinia lililopita mbele yangu, mpaka mama mmoja akaniuliza, "Dada, umepoteza nini?" Nilikuwa natafuta kambale. Zamani mtu wa bonde lile hakuzikwa bila wageni kula kambale wa kubanika, na Shomari alikuwa mtegaji hodari kuliko wote. Amezikwa kwa maharage, na vijana waliolibeba jeneza lake hawajui hata mgono, ule mtego wa fito wa kunasia samaki, unavyosukwa.

Nilikotoka na sababu ya kuondoka kwetu haviingii katika habari hii. Nilikuwa na miaka ishirini na moja, nikafika kwa Bibi Tatu kujifunza kazi ya kubanika samaki, nikakaa mwaka mmoja. Nyumba yake ilikuwa na vyumba viwili na banda la moshi. Katika banda lile kuta za udongo zilikuwa nyeusi na zinang'aa kama zimepakwa lami, na ukiegemea kwa bahati mbaya, gauni halikutakata tena. Katikati palikuwa na chanja ya fito, chini yake moto mdogo wa kuni za mpera na makumbi ya nazi. Kambale tuliwakunja mviringo, mkia tukauingiza mdomoni, tukawapanga juu ya chanja kama bangili. Moto ukiwa mkali, samaki anaiva nje, ndani anabaki mbichi na anaoza njiani. Moto ukiwa dhaifu, anachacha. Kwa hiyo kazi yenyewe ni kukaa ndani ya moshi, siku baada ya siku, ukiulinda moto usikasirike wala usilale. Bibi Tatu alikuwa amekaa katika kazi hiyo zaidi ya miaka arobaini.

Nikueleze na utaratibu wa mto, maana bila huo hutaelewa kilichotokea. Masika ikiisha, mto hurudi ndani ya kingo zake na kuacha vidimbwi pembeni, na kambale hubaki humo, wamejilaza kwenye tope. Kila kidimbwi kilikuwa na wenyewe, na wenyewe ni wanawake, kwa sababu Waluguru hurithi ardhi upande wa mama. Wanaume walisuka migono na kuitega, lakini kidimbwi ni cha dada au cha mama. Na hakuna aliyeruhusiwa kutega mpaka Bibi Tatu aonje maji. Asubuhi moja watu wote walikusanyika, yeye akaingia kidimbwini hajala kitu, akateka kwa kata ya kifuu, akanusa, akanywa funda moja. Maji yakiwa na harufu ya majani yaliyooza, alisema samaki bado wana mayai, wote wakarudi nyumbani wakasubiri. Yakiwa mazuri, alisema, "Maji mazuri," na migono ikaingia siku hiyo hiyo. Hakuna aliyeonja baada yake. Kuonja baada yake ingekuwa kumwambia mwongo.

Sasa siri niliyoikuta ndani ya nyumba ile. Tangu wiki ya kwanza Bibi Tatu alinifundisha kwa kunusisha. Asubuhi aliniletea tui. "Nusa, Rehema. Limekaaje?" Nikanusa. "Limechacha, Bibi." "Vizuri. Unajifunza." Akalimwaga. Mchana aliniletea samaki wa jana, kipande cha mdalasini tulichonunua kwa watu wa Kinole, unga wa muhogo. "Nusa, uniambie." Nilijiona mwanafunzi mwenye bahati. Mpaka siku moja nilirudi kutoka kisimani nikamkuta anakula kisamvu kilichokwisha kuharibika, kimetoa mapovu, anakila taratibu huku akiniambia leo amekipatia. Nilisimama mlangoni na ndoo kichwani. Yale hayakuwa masomo. Moshi ulikuwa umeimaliza pua yake, na yeye alikuwa akiitumia yangu. Sikumwambia kwamba nimejua. Nilikaa nikala naye kile kisamvu, kijiko kwa kijiko, nikaumwa tumbo siku mbili. Niliona kuwa ndiyo adabu.

Lori la mafuta lilipinduka mwishoni mwa masika, asubuhi kweupe, kwenye kona kabla ya daraja. Lilikuwa limebeba dizeli ya mitambo ya watu waliokuwa wakichonga barabara. Dereva alitokea dirishani na kiatu kimoja, akakaa uani kwa Bibi Tatu akinywa uji. "Mama, mimi nilipakia tu," alikuwa akisema. "Wenye lori ndio waliosema breki zimetengenezwa. Mimi nilipakia tu."

"Kunywa uji, mwanangu," Bibi Tatu akamwambia. "Umepona. Mengine yatajulikana."

Shomari, ambaye alikuwa mtoto wa mdogo wake wa kike Bibi Tatu na alimwita mama mkubwa, alikuwa amesimama ukingoni akitazama mafuta yakishuka mtoni kama shuka inayotandikwa. "Haya, mwalimu wa moshi," akanigeukia, maana ndivyo alivyopenda kunitania, "safari hii samaki watakuja wamekwisha kukaangwa." Tulicheka. Ninakuambia ukweli, tulicheka. Watu walishuka na ndoo na madumu, wakayachota yaliyotulia pembeni, wakasema ni mwanga wa bure. Kwa wiki kadhaa kila nyumba iliwasha koroboi ya dizeli, moshi wake mzito, na bonde zima likanuka mafuta: nguo, mito ya kulalia, mpaka chai. Watu wa lori walikuja wakalivuta lori lao, wakahakikisha hakuna tairi lililoachwa. Mafuta wakayaacha. Wakaja na wengine wenye chupa, wakachukua maji, wakaandika, na hatukuwaona tena.

Mvua za mwisho zikanyesha, mto ukajisafisha, maji yakawa meupe. Mafuta yanayoelea huondoka na mkondo, kila mtu anaona kwamba yameondoka. Yale yaliyoingia kwenye tope na kwenye mizizi ya matete hayaondoki. Yanakaa. Na kambale analala kwenye tope, anakula kwenye tope, mwili wake unakuwa kile alicholalia. Hili nimekuja kulijua baadaye sana, nilipoajiriwa kufundisha kamati za maji vijijini. Mwaka ule hatukuwa na wa kutueleza. Tulikuwa na pua ya Bibi Tatu.

Siku ya kuonja ilipofika, Shomari alikuwa amesuka migono mipya, imepangwa ukingoni kama watoto waliopanga foleni. Watu walikuwa wengi kuliko kawaida, kwa sababu mahindi ya bondeni yaliharibiwa na mafuriko na kila nyumba ilikuwa inautegemea mto. Nilisikia akina mama wawili nyuma yangu wakiongea.

"Ule utando wa rangi rangi pale kwenye matete wauona?"

"Ile si kutu ya udongo? Imekuwepo tangu tuko wadogo. Chemchemi yote ile ina kutu."

"Haya. Bibi ataonja."

Bibi Tatu aliingia kidimbwini, akaniashiria nimfuate nimshikie kanga isilowe. Hilo halikuwa desturi, lakini alikuwa mzee, watu wakaona ni sawa. Mguu wangu ulizama kwenye tope mpaka kifundoni, na hapo hapo harufu ikapanda. Haikuwa kali. Ilikuwa kama mtu amefungua kizibo cha dumu nyumba ya tatu. Bibi Tatu akateka maji, akanusa, akanywa funda moja. Kisha akanigeukia, akanitazama machoni, na katika yale macho aliniuliza swali lile la kila asubuhi. Nusa, Rehema. Limekaaje?

Nilitazama migono. Nilimtazama Shomari, ameshakunja suruali. Niliwaza kwamba nikisema, watu wote watajua kwa nini ameniuliza mimi, na heshima yake itakwisha pale pale, ndani ya maji, nimemshikia kanga. Halafu nikawaza kwamba labda ni pua yangu, labda ni koroboi zilizoiharibu. Nikashindwa kumtazama. Nikainamisha kichwa, kama msichana anavyoinama mbele ya mtu mzima.

"Maji mazuri," akasema Bibi Tatu kwa sauti. Watu wakapiga vigelegele.

Kambale walikuwa wengi mwaka ule, wazito, wavivu, wanaingia mgononi kana kwamba wamechoka. Tulibanika mfululizo. Moshi wa mpera unaficha mengi, na kwenye chanja hawakunuka kitu ila moshi. Siku ya gulio tukawapeleka Mkuyuni, tukapanga kwenye majani ya mgomba, na wakaisha kabla ya adhuhuri. Mteja wetu mkubwa alikuwa Mama Anjela, mkulima wa kabichi na njegere kutoka juu upande wa Matombo, kwenye vijiji vya misheni. Kwao Ijumaa nyama hailiwi, na kwa miaka mingi Ijumaa ya kule juu ilikuwa kambale wa kwetu. Alichukua mzigo mkubwa, wake na wa jirani zake. Aliondoka akiimba.

Gulio lililofuata alikuja bila kabichi. Alikuwa amebeba sufuria iliyofungwa kwa kitenge.

"Shikamoo, Bibi Tatu."

"Marahaba, mwanangu. Watoto hawajambo?"

"Hawajambo, ila wamekula ugali kwa chumvi. Na jirani zangu hivyo hivyo." Akaiweka sufuria chini, akakifungua kitenge. "Bibi, mimi sikuja kugombana. Tumefahamiana siku nyingi. Nusa tu mwenyewe, uniambie kama ni mimi niliyekosea kupika."

Akafunua. Mchuzi ulikuwa wa nazi, mzuri kwa macho, na ndani yake yule kambale aliyeloweshwa na kuchemshwa alikuwa ameachia kila alichokificha. Harufu ya dizeli ilitoka ikatupiga usoni. Muuza mchicha wa jirani alirudi nyuma na kigoda chake. Bibi Tatu akainama juu ya sufuria, akafumba macho kama alivyofanya siku zote, akavuta pumzi ndefu.

"Nazi imekolea," akasema. "Na mdalasini umetia kidogo, eh? Wa Kinole. Mchuzi mzuri kabisa huu, mwanangu. Watoto wa siku hizi wanadeka."

Nikaona machozi yakimlenga Mama Anjela, kwa sababu yeye alielewa kabla ya wengine. Kisha muuza mchicha akasema, "Mdalasini! Labda ule unaouzwa kituo cha mafuta," na kicheko kikaanza kwake, kikapita kwa muuza nyanya, kikapita kwa wabeba mizigo, kikaenda mpaka mwisho wa gulio. "Samaki wa koroboi!" mtu akapiga kelele. "Njooni mnunue samaki, na utambi bure!"

Bibi Tatu alifumbua macho. Aliwatazama wanaocheka, mmoja mmoja, bila kuelewa, kisha akaanza kuelewa. Mwisho akanitazama mimi. Mkono wangu ulikuwa umeshapeleka pembe ya kanga puani. Sikuutuma. Ulikwenda wenyewe.

Tulirudi kwa miguu. Aliongea mara moja tu, tulipofika kwenye ile kona ya lori.

"Pale kidimbwini, uliinama."

"Ndiyo, Bibi."

"Mimi nilijua umeitikia."

Nimewahi kutukanwa maishani, nimewahi kupigwa, lakini hakuna kilichoniuma kama sauti yake siku ile, maana haikuwa na hasira. Ilikuwa ya mtu anayerekebisha kosa lake mwenyewe. Siku iliyofuata alitoka peke yake akapita nyumba kwa nyumba. Sikujua anasema nini kwenye nyumba hizo mpaka jirani aliponieleza: alikuwa anaomba radhi, na anawaeleza kwamba pua yake ilikufa miaka minne nyuma. Jina langu hakulitaja hata mara moja. Aliporudi aliniomba niishushe chanja. Nikafungua fito moja moja, nikazipanga nje, tukazitumia kupikia uji mpaka zikaisha. Banda likabaki tupu, na lilinukia moshi kwa miezi, na yeye hakuijua hata hiyo harufu. Mwaka ulipokwisha niliondoka. Alinifungia safarini ndizi za kuchoma na akanipa kata yake ya kifuu. Ninayo mpaka leo. Alifariki kabla sijarudi kumwona.

Watu wakisikia habari za mafuta kumwagika hufikiria siku ya lori. Siku ya lori ni ndogo. Mwaka uliofuata samaki walikuwa bado wananuka. Mwaka wa tatu au wa nne baadhi ya vidimbwi vilianza kupona, lakini gulio halikupona. Hata samaki safi, akitoka bondeni kwetu, alikuwa wa koroboi. Wanawake walijaribu kusema wamewatoa kwingine, wakatambulika kwa namna tu walivyowakunja mkia mdomoni. Mabinti wa bonde waliitwa Koroboi shuleni. Wanaume wakaanza kufyatua matofali, kisha wakaanza kuondoka. Shomari alikwenda Gairo kubeba magunia ya mahindi na karanga, akasema ni kwa msimu mmoja. Alikaa huko zaidi ya miaka ishirini.

Nilimtembelea Gairo alipoanza kuugua kifua. Chumba chake kilikuwa na kitanda, jiko la mkaa, na dirishani palining'inia mgono mdogo, wa ukubwa wa kikombe, alioutengeneza tu ili vidole visisahau. Tulikula karanga za kuchemsha na chai ya rangi. Tuliongea habari za watu, nani kafa, nani kaoa. Kisha akaweka kikombe chini.

"Rehema, nikuulize kitu. Siku ile ya kuonja, wewe hukusikia harufu?"

Miaka yote hiyo nilikuwa nimeibeba siri ile nikidhani ni yangu peke yangu. Nilimwambia yote: masomo ya kunusa, kisamvu, macho ya Bibi Tatu, kichwa changu. Nilimwambia nikilia. Yeye alinisikiliza akimenya karanga na kuniwekea upande wangu, bila yeye kula hata moja.

"Mimi nilisikia," akasema. "Mguu wa kwanza tu kuingia topeni."

"Mbona hukusema?"

"Ningesema nini? Mama mkubwa kashasema maji mazuri. Nikajua pua yangu imeharibika na zile koroboi." Akakohoa, akasubiri kikohozi kipite. "Dada yangu naye alisikia. Aliniambia mwaka jana tu. Na mumewe. Tulisikia wote, Rehema. Kila mtu alijua ni yeye peke yake."

Ulidhani ningefarijika? Hata mimi nilidhani hivyo kwa dakika moja. Halafu nikalifikiria lile bonde zima, watu wamesimama ukingoni na migono yao, kila mmoja na ukweli ule ule puani, kila mmoja kanyamaza kwa heshima, na Bibi Tatu katikati ya maji akisubiri mtu mmoja tu amwambie. Tulimheshimu mpaka tukamwacha achekwe gulioni.

Baada ya mazishi mwezi uliopita, Zena alinifuata. Zena ni mtoto wa dada yake Shomari, ndiye mrithi wa kidimbwi, na msichana ana mikono ya mjomba wake. Alikuwa ameficha kitu ndani ya kanga. Alipokifunua kilikuwa mgono mzima, mpya, fito bado mbichi. "Mjomba alinifundisha aliporudi kuugulia nyumbani, kabla hajafa," akasema. "Mama, wewe umefanya kazi ya maji. Masika imeisha. Nimewaambia wenzangu tuanze tena. Maji yamepona?"

Maji yalikuwa meupe kama kioo. Tulivua viatu tukaingia pembeni mwa matete. Nilimwonyesha nilichokuwa nikiwafundisha watu kwa miaka. Nilikanyaga tope kwa nguvu, nikatulia. Mapovu yakapanda, na juu yake utando mwembamba wenye rangi za upinde wa mvua. Nikachukua kijiti nikaupasua katikati. Niliomba uvunjike. Haukuvunjika. Ulijikunja, ukakizunguka kijiti, ukarudi ukaungana kama hakuna kilichopita. Harufu ikanifikia baadaye kidogo, ile ile, kutoka nyumba ya tatu.

Wasichana wenzake Zena walikuwa ukingoni wakitusubiri, wawili wana ndoo. Zena alinitazama machoni, mgono kaukumbatia.

Safari hii sikuinama. "Bado, mwanangu," nikasema, kwa sauti ya kuwafikia wale wa ukingoni. "Bado kuna mafuta."

Aliuweka mgono juu ya nyasi, taratibu, akaketi karibu nao. Nikaketi pia.

Kwa hiyo ukiwa karibu na mto au kidimbwi ambacho watu wanakula kutoka kwake, fanya hivi. Simama ukingoni, kanyaga tope kwa nguvu, hesabu polepole mpaka kumi. Ukiona utando wa rangi, upasue kwa kijiti. Ukivunjika vipande vipande na kubaki vimeachana, ni kutu ya udongo, usiogope. Ukijikunja na kuungana tena, ni mafuta, na samaki wa hapo wasiliwe. Kisha nusa, na ulichosikia kiseme hapo hapo, kwa sauti, hata kama mkubwa wako ameshasema.